Mgongo wa Maige

Maige alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye boriti ya nyumba yake, miguu imefungwa kamba, huku akisikiliza jembe la mtu mwingine likipalilia pamba yake. Jembe lilikuwa la jirani yake, Donatus.

"Inatosha?" mkewe, Scolastika, alimuuliza.

"Bado kidogo," Maige alijibu kwa sauti ya mgonjwa.

Uongo mtupu. Mgongo ulikuwa umepona. Jumapili, mkewe akiwa kanisani, alibeba gunia la mtama kutoka mlangoni hadi jikoni, akasubiri maumivu, hayakuja. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye alilirudisha gunia mahali pake, akapanda kitandani, akaanza kuguna.

Mwanzoni aliumia kweli, na dawa hii alifundishwa na Donatus. "Niliijulia mgodini, kwenye almasi," alisema Donatus, akamwonyesha namna ya kuzungushia vifundo matambara ili kamba isikate, na namna ya kushushwa taratibu. Tangu wahamishiwe kwenye kijiji kipya, shamba la mgonjwa lililimwa na majirani. Kwa Maige pia wote walikuja, wakalima zamu zao, wakarudi kwenye mashamba yao. Donatus peke yake alibaki.

"Mpaka upone, mdogo wangu," alisema.

Na Maige, aibu iliyoje, akanogewa na ugonjwa.

Scolastika alimshusha, akampa kitambaa cha maji baridi. Kila akishuka, macho yalikuwa mekundu, yanawasha.

Donatus akachungulia dirishani, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo, shemeji."

"Atapona tu. Kesho nitaendelea upande wa bondeni."

Jembe lilimponyoka. Hakuinama. Alichuchumaa polepole, mgongo wima, akaliokota, akaenda zake.

"Umeyaona macho yake?" Maige alinong'ona. "Kila akitoka kwake mchana, anarudi nayo mekundu. Gongo hiyo."

Maneno hayo alikuwa ameyasema hata kwa watu waliokuja kumjulia hali, tena kwa kuyatia chumvi. Sasa kijiji kizima kilimwita Donatus mlevi.

Scolastika alikunja kamba bila kumtazama. "Mlevi huyo analima shamba letu. La kwake majani yamefika kiunoni. Mkewe, Anisia, ameniambia mwaka huu hawana pamba ya kuvuna."

Maige hakula siku ile. Hakuwa amewaza shamba la Donatus hata mara moja. Alijiona mwizi, tena mwizi anayeletewa uji kitandani.

Kesho yake, jembe liliponyamaza kwa mapumziko ya mchana, aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, wima, kila mtu anamwona. Alikuwa ameamua kusema yote: gunia, kuguna, na maneno ya gongo. Donatus akimfukuza, afukuze. Kisha angechukua jembe akalime majani yale mpaka yaishe.

Kwa Donatus, Anisia alisimama mlangoni akapanua mikono.

"Saa hizi hapokei mtu, shemeji."

"Nina neno zito, Mama Theopista."

"Rudi jioni. Tafadhali. Hapendi watu wamwone hivi."

Kumbe ni kweli, Maige aliwaza, na kwa nukta moja dhamiri yake ikapata nafuu. Mlevi ni mlevi. Akapita chini ya mkono wake, akaingia.

Chumbani hapakuwa na chupa. Palikuwa na boriti iliyolika kwa miaka ya kusuguliwa na kamba, na chini yake, kichwa kikikaribia kugusa sakafu, Donatus alikuwa ananing'inia, jasho la shamba la Maige bado halijamkauka.

Macho mekundu yakamtazama kutoka chini.

"Kaa kitako, mdogo wangu," Donatus alisema. "Nani amekuruhusu utembee na mgongo huo?"