Kofia ya Mteja

Kwa taadhima kubwa, Mwalimu Rehani aligeuza darasa kuwa viwanda viwili vya kofia za karatasi. Sharti lilikuwa moja: hakuna kukunja chochote mpaka mteja aagize. Kiwanda ambacho kingemaliza kwanza kingekula nyama Jumapili. Mteja wa kiwanda cha pili aliteuliwa Mbaruku, aliyekaa bweni tangu utotoni.

"Mteja, unataka rangi gani?"

Mbaruku alitoa macho. Bwenini mtu hupewa, haulizwi.

"Yoyote tu, mwalimu."

"Yoyote haitengenezwi."

Kiwanda cha jirani kilikuwa kimeshaanza kuvaa kofia.

"We Mbaruku, nyama hiyo inakwenda!" alifoka Salehe, fundi wa kiwanda cha pili, mikono imelala mezani. "Sema nyekundu!"

"Nyekundu unaitaka wewe," alijibu Mbaruku, akaishangaa sauti yake.

Akanyoosha kidole. Kikabaki hewani, kati ya karatasi ya bluu na ya kijani.