Kushoto, Ingiza!

"Tayari... vuta! Na vuta!"

Aliyekuwa akitoa amri alikuwa fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Kiziwi. Jina lenyewe lilikuwa kichekesho kichungu, maana mtu huyu aliweza kusikia saa ya mkononi ikisuasua upande wa pili wa meza. Alibandikwa miaka sita nyuma, siku aliyopoteza vidole viwili.

Siku hiyo, kwenye mashindano ya mashua, yeye alishika kasia la kushoto, Mwokaji wa mikate la kulia, na Shemeji, mume wa dada yake, alikaa nyuma kwenye usukani. Wapiga makasia huwa wameipa safari mgongo. Hawaoni waendako, wanamwona mtoa amri tu. Darajani njia ni finyu, na mashua hupita ikiambaa nguzo ya kushoto. Kasia la upande huo likivutwa ndani mapema, mashindano yamepotea. Likichelewa, mkono umepotea. Ndiyo maana kuna amri, nayo kwa sheria hutolewa sekunde tatu kabla ya nguzo: "Kushoto, ingiza!"

Shemeji hakuitoa. Alimtazama fundi machoni, akafunga mdomo. Wiki hiyo fundi alikuwa amemkanya kwa kumpiga dada yake.

"Nilisema ingiza," Shemeji aliwaambia watu ukingoni. "Basi hakusikia."

Mwokaji alisema kelele zilikuwa nyingi, hawezi kuapa. Watu wakacheka, jina likaganda. Tangu hapo fundi aliyekuwa akifungua saa ndogo kama kucha alibaki kubadilisha betri. Alimchukia shemeji yake kwa moyo wote, na kila alipomkuta sebuleni kwa dada yake alimpa mkono ule ule wenye vidole vitatu.

Mwaka huu mpiga kasia wa kushoto aliugua. Shemeji, kwa uchu wa kombe, akachukua nafasi yake. Usukani akapewa Kiziwi.

"Usije ukaninyamazia pale darajani," Shemeji alisema siku ya kwanza ya mazoezi, akijichekesha.

"Nikunyamazie? Mimi si wewe, shemeji."

Wala hakunyamaza. Alizidisha. Mara tano alipiga kelele "Kushoto, ingiza!" nguzo ikiwa bado mbali, na mara tano Shemeji akaingiza kasia bure, mashua ikayumba, Mwokaji akacheka mpaka akashika mbavu.

"Samahani, shemeji," Kiziwi alisema kila mara. "Macho ya fundi saa yamezoea vitu vya karibu."

"Unataka nishindwe mbele za watu!" Shemeji alifoka.

Kuanzia mara ya sita Shemeji hakuingiza kasia tena kabla ya kugeuza shingo na kujionea mwenyewe. Kugeuka ni mwiko kwa mpiga kasia, lakini Kiziwi hakumkataza. Kwa mazoea ya kazi yake alihesabu tu: sekunde mbili kugeuka, sekunde mbili kuvuta kasia ndani.

Siku ya mashindano waliongoza tangu mwanzo. Juu ya daraja watu walijaa, wakishangilia. Shemeji alivuta huku jasho likimchuruzika, macho yake hayabanduki kwenye mdomo wa Kiziwi.

"Vuta! Na vuta!"

Nguzo ilikaribia. Kiziwi aliisubiri mpaka ikafika pale pale sheria inaposema, sekunde tatu kamili, akajaza kifua hewa.

"Kushoto, ingiza!"

Amri ilisikika mpaka juu ya daraja. Shemeji akageuza shingo.

Walipomfikisha Shemeji ukingoni, mkono umefungwa kwa shati lililolowa damu, watu walimzunguka Kiziwi wakitaka kujua kulikoni. Mwokaji ndiye aliyewahi kujibu.

"Amesema! Tena kwa wakati wake. Safari hii naapa, nimesikia kwa masikio yangu haya!"

Kiziwi aliinama, akamwokotea shemeji yake kofia.

"Basi hakusikia," alisema.