Mstari wa Baba

Kwa mara ya kumi na tisa tangu asubuhi, mzee Genzo Kuramochi aliomba msamaha.

"Nisamehe, mwanangu. Niliwaokoa watu wote wa mji huu, nikakusahau wewe."

Midomo yake ilibaki karibu na kipaza sauti. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango. Upande wa pili wa kioo, mwanawe Ryohei alikuwa ameinamia karatasi zake.

"Tena," alisema Ryohei. "Hapo Bwana Kuramochi ameigiza. Sitaki uigizaji."

Bwana Kuramochi. Genzo hakukasirika. Kazi ni kazi, na mwongozaji wa filamu hawezi kumwita mtu baba mbele ya fundi wa sauti. Isitoshe, miaka kumi na saba walikuwa hawajaitana kwa jina lolote.

Barua ya Ryohei ilifika mwezi uliopita. Alikuwa anatengeneza filamu ya katuni. Shujaa mwenye nguvu za radi anailinda Tokyo dhidi ya majitu, na nyumbani mtoto wake anakua bila yeye. Mwishoni shujaa anarudi kumwomba mtoto radhi. "Kuna mstari mmoja," aliandika Ryohei, "ambao hakuna mwingine anayestahili kuusema ila wewe."

Genzo alijibu siku ileile. Alimweleza kwamba Jumatatu moja ya mwezi uliofuata madaktari wangemkata uvimbe wa koo, na sauti ingeondoka nao. "Hii kidogo iliyobaki nakutunzia wewe," aliandika. "Ikae ndani ya filamu yako."

Na kweli aliitunza. Kwa siku kumi na mbili hakutamka neno. Alinunua ubao mdogo wa watoto, akawa anaandika kila alichotaka. Muuza samaki wa mtaani kwake naye akawa anamjibu kwa kuandika, akidhani mzee amekuwa kiziwi.

Sasa alikuwa ndani ya chumba kisichopitisha sauti, peke yake. Zamani waigizaji walisimama humo wanane, wakipokezana vipaza sauti; siku hizi kila mtu huja kwa saa yake. Kwenye skrini kulikuwa na mistari ya penseli tu, kwa kuwa picha zilikuwa hazijakamilika, na mkononi alipewa ukurasa wake mmoja, ili hadithi isivuje. Ndivyo kazi ilivyo.

Alivuta pumzi aanze tena. Tumbo likanguruma.

"Mzee," alisema Shigeta, fundi wa sauti, "hilo ni jitu la filamu au ni tumbo lako?"

"Ni jitu," alisema Genzo. "Limeamka na njaa."

Shigeta akacheka. Ryohei hakucheka.

"Tena."

Mara ya ishirini na saba, Genzo alionja damu. Aliimeza pamoja na funda la chai ya shayiri. Alipotazama kwenye kioo, Shigeta hakuwa akicheka tena. Mikono ilikuwa mapajani, macho sakafuni.

"Tupumzike kidogo, mwongozaji?" aliuliza Shigeta.

"Yeye ni mkongwe wa kazi hii. Hapumziki." Ryohei alisogea karibu na kioo. "Bwana Kuramochi, huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Anamsubiri nani?"

"Baba yake."

"Basi mwambie huyo mtoto. Mimi usiniambie."

Genzo alishika stendi ya karatasi. Ryohei alikuwa na miaka tisa alipopiga simu studio kutoka hospitali: mama anakuita, baba, daktari anasema uje sasa. Wakati huo Genzo alikuwa sauti ya shujaa aliyependwa na kila mtoto wa Japani. Alisema, "Nimalize ukurasa huu, naja." Mkewe Fusae hakuungoja ule ukurasa. Siku ya mazishi Genzo aliwaambia wageni ule msemo wa waigizaji, kwamba aliye kazini hawahi kitanda cha anayekufa, na wageni wakamsifu kwa moyo wake wa kazi. Ryohei alikuwa amesimama ubavuni pake, ameshika picha ya mama yake kwa mikono miwili.

"Tena."

Mara ya thelathini na nne, Genzo aliigeuza karatasi, ikalala kifudifudi.

"Ryohei," alisema. "Mama yako aliniita. Nilisikia. Nilisikia vizuri, mwanangu, nikafungua ukurasa mwingine. Nisamehe. Nisame—"

Neno halikuisha. Kilichotoka ni hewa tu.

Kisha Ryohei alisimama, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka kiunoni.

"Imetosha, baba," alisema. "Hiyo ndiyo niliyoitaka."

Baba. Genzo aliinama pia, na machozi yakadondokea viatu vyake. Koo liliwaka kama limepakwa pilipili, lakini hilo halikumhusu tena. Jumatatu wangechukua walichotaka. Alitoa ubao wake mfukoni, akaandika, akaubandika kwenye kioo: *Tukale tambi za soba? Nalipa mimi.*

Ryohei alitikisa kichwa kwa upole. "Tangulia, baba. Kuna mambo namalizia hapa."

Genzo alivaa koti. Alikunja ule ukurasa mara nne, akautia mfuko wa ndani, upande wa moyo. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wakati spika ya ukutani, iliyokuwa ikimletea sauti ya Ryohei na ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilipokwaruza.

"Mwongozaji," ilisema sauti ya Shigeta, chinichini, "hata hii ya mwisho hukutaka niirekodi?"

"Hata hiyo. Sehemu ya yule shujaa ilimalizwa na mwigizaji mwingine, Nagumo, tangu Aprili, kabla sijamwandikia barua. Zima taa, tukale."