Dhoruba ya Jumatano

Kwa siku ya tisa mfululizo, Kimeu aliuliza swali lile lile kabla hata ya kuonja chai.

"Mama Mutanu, leo miale ni ngapi?"

Mkewe Ndila, mwalimu wa fizikia pale Kathonzweni, alikuwa na kijisanduku juu ya kabati kilichohesabu miale inayotoka anga za mbali. Mwaka mzima Kimeu alikiita redio isiyoimba. Sasa ghafla amekuwa mwanafunzi hodari kuliko wote, na Ndila alimweleza kila kitu, macho yakimng'aa. Jua likitema wingu lake, wingu hilo huizuia miale isitufikie. Kwa hiyo idadi ikishuka ghafla, ujue dhoruba ya jua iko njiani.

"Na hiyo storm ikifika, simu inaweza kosea? Iseme niko pale na niko hapa?"

"Inaweza, Baba Mutanu."

Kimeu aliimaliza chai yake kwa furaha kubwa.

Tuseme ukweli: mzee huyu hakuwa na haja na jua. Haja yake ilikuwa mbuzi choma. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimevimba hadi viatu vikamshinda, na daktari alimwonya kwamba akiendelea na nyama, ajiandae kutembelea magongo. Lakini mwezi uliopita, siku aliyosema yuko kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, ramani ya simu ilimwonyesha Matiliku, kwenye bucha la Nthiwa. Tangu hapo Ndila alimfuata kwa simu kama mtu anayechunga ndama. Kuiacha nyumbani hangeweza, kwa sababu wateja wake wa ndengu walimpigia kutwa nzima. Kuizima kungekuwa sawa na kukiri.

Jumanne jioni Ndila alikitazama kijisanduku, akashika kiuno.

"Aii! Baba Mutanu, kesho usiamini hiyo simu yako hata kidogo."

Jumatano saa sita mchana, Kimeu alikuwa Matiliku, pikipiki ameificha nyuma ya bucha. Aliagiza kilo moja ya mbavu, akanawa mikono, akakaa kungoja. Hapo ndipo aibu ilipomshika. Alikumbuka vile mkewe alivyomchorea jua nyuma ya bahasha, akifurahi kwamba hatimaye amepata mtu wa kuongea naye habari za kazi yake. Kimeu alijiona mwizi kabisa. Aliapa moyoni kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, na kwamba kuanzia kesho atauliza habari za miale kwa moyo safi. Kisha akaivuta chumvi karibu.

Nthiwa alileta sinia iliyofunikwa, akaiweka mezani taratibu. Kimeu akafunua. Ndani mlikuwa na ndengu za kuchemsha na sukuma wiki.

"Nthiwa! Mbuzi yangu iko wapi?"

"Mwalimu alinipigia jana jioni, akasema leo saa sita utakuwa hapa," alijibu Nthiwa, akijikaza asicheke. "Pia amesema nikuambie hiyo miale haijapungua hata mmoja."