Oili ya Wakubwa

"Mwanamke na klachi wapi na wapi!" Shomari aliwaambia majirani, mkewe Chausiku akisukuma pikipiki kuingia uani, kreti za mikate bado zimejaa. Mlimani injini ilinguruma bure, pikipiki haivuti. "Umeiunguza klachi," akamgeukia mkewe. "Kuanzia leo ufunguo nakaa nao mimi."

Chausiku alikaza khanga kiunoni, akamwaga oili, akafungua injini na kuzichomoa pleti za klachi moja moja. Hakuna iliyoungua. Zote zilikuwa bado nene, hazijalika, ila ziliteleza kama mlenda. Akaingia stoo, akatoka na dumu la oili ya gari, ile aliyoileta Shomari kutoka kazini na kuimimina mwenyewe kwenye pikipiki, akijisifu kwamba ni oili ya magari ya wakubwa.

"Oili ya gari, Baba Tausi! Hii ndiyo inayotelezesha klachi. Na mtaa mzima umeshaambiwa ni mimi!"

Majirani wakamgeukia Shomari.

"Nipe ufunguo," alisema Shomari, kiganja wazi.

Chausiku akamwekea pleti kiganjani. Oili ikachuruzika ikaingia ndani ya mkono wa kanzu yake nyeupe, na bado Shomari hakuushusha mkono, akingoja ufunguo.