Maji ya Chumvi

Chini ya ngome ya mji, katika handaki lililokuwa gereza na sasa ni makumbusho, mtembeza wageni alichovya mkanda wa ngozi kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

"Hivi ndivyo walivyopigwa wafungwa," alisema. Akaukung'uta mara mbili gotini, kisha akalichapa gunia lililoning'inia ukutani hadi likapasuka. Wageni walishtuka, halafu wakacheka.

Zakayo, mmoja wa wageni, aliyewahi kufungwa humo, hakucheka. Askari mmoja tu ndiye aliyeukung'uta mkanda gotini namna ile, na makovu ya mapigo yake Zakayo alikuwa nayo mgongoni.

"Nani ajaribu? Haya, mzee wangu, usiogope. Gunia halilii!"

Zakayo akaupokea mkanda. Akauchovya. Akaukung'uta mara mbili gotini. Tabasamu la mtembeza wageni likatoweka.

Pigo la kwanza lilimchana shavu mpaka mdomoni. La pili lilimwangusha.

"Baba! Utamuua!" Leokadia, binti yake, alipiga kelele akimvuta shati.

"Niache. Huyu ndiye aliyemuua baba yako mkubwa, hapa hapa."

Yule mtu hakujikinga. Kinywa kikimjaa damu, alianza kusali: "Baba yetu uliye mbinguni..." Midomo ya Zakayo, iliyozoea sala hiyo kila alfajiri, ikamfuata yenyewe.

Walipofika "utusamehe makosa yetu," yule mtu akanyamaza, akamtazama, akingoja.

Maneno yaliyofuata, ya kuwasamehe waliotukosea, yalikuwa ya Zakayo. Mkono wake ulikuwa bado juu, na maji ya chumvi yalitiririka hadi kiwikoni, yakidondoka kwenye shavu lililochanika.