Vitone Nje ya Vijiti

Daktari alimsogezea Devota picha ya seli za uvimbe uliotolewa tumboni mwa mwanawe. "Jionee mwenyewe, mama."

Devota akaiinamia meza. Alishaelezwa: vile vijiti ni kromosomu, nyumba ya jeni, na havina neno. Cha kuogopa ni vitone vilivyozagaa pembeni, maana hapo jeni ya saratani imetoka nje ya nyumba yake, inajizidisha ovyo, na ugonjwa wa namna hiyo ni mkali, haushikiki kirahisi.

Akaviona. Vidogo, vya mviringo, vyeusivyeusi, nje kabisa ya vijiti.

Safari nzima, tangu nyumbani Nyololo hadi hospitali hapa Mbeya, alikuwa akiomba asivione.

"Vipo," alisema.

"Viko wapi?" Daktari aliinyanyua picha ili aitazame vizuri. Vitone vikabingirika hadi ukingoni.

Wote wawili wakaviinamia.

Ndipo Devota akapapasa pindo la kanga yake. Fundo alilofungia ulezi wa uji wa mtoto lilikuwa limelegea, na punje zilidondoka pale alipoinama.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Picha ni safi, mama. Ni vijiti vitupu. Ugonjwa wake tutauweza."

Devota hakucheka. Alilamba ncha ya kidole, akaziokota punje moja moja, akazirudisha kwenye fundo na kulikaza.

"Dokta," alisema, "jiko la kupikia wagonjwa liko upande gani?"